Watamili: kalenda inayowapa siku hata wafu wasio na kaburi

Katika nyumba nyingi za Watamili, kusini mwa India na kaskazini mwa Sri Lanka, ukutani kunaning'inia kalenda ndogo yenye karatasi moja kwa kila siku. Asubuhi mtu anachana karatasi ya jana na kusoma ya leo. Nyingi za kalenda hizo zinachapishwa Sivakasi, mji unaojulikana pia kwa viberiti na fataki.

Karatasi ni ndogo lakini imejaa maandishi. Kuna tarehe ya kizungu, tarehe ya Kitamili, umri wa mwezi angani, nyota ya siku, saa njema na saa mbaya. Jumatatu, kwa mfano, tangu saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi ni muda wa Rahu. Wenye kushika desturi hawaanzi safari saa hiyo, wala hawafungui duka jipya, wala hawaendi kuzungumza habari ya ndoa. Wanangoja ipite.

Kalenda hii ina mabwana wawili, jua na mwezi. Miezi yake 12 inafuata jua. Wa kwanza ni Chithirai, unaoanza kati ya mwezi wa nne, na mwaka mpya huangukia karibu kila mara tarehe 14. Mwezi wa Thai unaanza tarehe 14 au 15 Januari, na siku yake ya kwanza ni Pongal, siku kuu ya mavuno. Mchele mpya unapikwa kwa maziwa na sukari ya miwa, na watu wanaizunguka sufuria wakingoja ifurike. Ikifurika wanapaza sauti kwa furaha, kwa sababu kufurika ndiyo baraka. Kesho yake ni zamu ya ng'ombe: wanaogeshwa, pembe zinapakwa rangi, kisha wanalishwa chakula kizuri.

Lakini siku za kufunga, sehemu kubwa, zinafuata mwezi. Tangu mwezi uwe giza hadi uwe giza tena, Watamili wanahesabu vipande 30, 15 vya kukua na 15 vya kupungua. Kipande cha 6 ni cha Murugan, mungu anayependwa sana na Watamili. Cha 11 ni cha Vishnu. Cha 13, saa ya jioni, ni cha Shiva. Wengine wanafunga bila kula kitu, wengine wanakula mlo mmoja tu, wengine matunda na maziwa. Nyama, samaki na mayai haviingii jikoni siku hiyo, na wengi wanaacha hata kitunguu na kitunguu saumu.

Kila kipande kinaweza kuanza saa yoyote, mchana au usiku wa manane, ndiyo maana karatasi ya ukutani inaandika saa na dakika. Watunga kalenda wana njia mbili za kupiga hesabu, moja ya zamani na moja iliyosahihishwa. Mara nyingine hazipatani, na hekalu moja linaadhimisha leo wakati jirani yake linangoja kesho.

Kalenda hii hii ndiyo iliyovuka bahari pamoja na wakimbizi.

Vita vya Sri Lanka vilianza mwaka 1983 na kwisha mwezi wa tano 2009. Katika miaka hiyo Watamili wengi walipanda mashua usiku kwenda India. Kati ya ncha ya Sri Lanka na kisiwa cha Rameswaram kuna karibu kilomita 30 za maji. Wengi walipokelewa kwanza katika kambi ya Mandapam, kisha wakagawanywa katika kambi zaidi ya 100 ndani ya jimbo la Tamil Nadu. Kuna watu waliozaliwa humo, wakakua humo, wakaolewa na kuzaa humo, bila kukanyaga kijiji cha wazazi wao.

Mtu anayekimbia anabeba anachoweza: mtoto, sufuria, nguo mbili. Shamba na nyumba haviwezi kubebwa, wala makaburi. Mwezi hauhitaji kubebwa. Giza la mwezi linaloingia Jaffna linaingia pia Mandapam, usiku ule ule. Na lugha ya ng'ambo ile ni ile ile, miungu ni ile ile, kalenda ni ile ile. Mama aliyefika pwani bila kitu aliweza kuuliza swali moja na kujibiwa: leo ni siku gani?

Swali hilo lina uzito mkubwa katika mwezi wa Aadi, unaoanza kati ya mwezi wa saba. Giza la mwezi la Aadi ni siku ya wafu. Huko Rameswaram watu wanajaa ufukweni tangu alfajiri. Wanaoga baharini, kisha wanamimina maji yenye ufuta mweusi huku wakitaja majina ya baba, babu na baba wa babu. Nyumbani chakula kinapikwa bila nyama wala kitunguu, na sehemu ya kwanza haili mtu. Wali unawekwa nje, juu ya jani la mgomba, na kunguru wanaitwa. Wazee wanasema marehemu wanakuja kwa sura ya kunguru. Kunguru akikawia, watu wa nyumba wanangoja na njaa yao, wakitazama juu ya paa.

Watamili wa Jaffna wana mpango wao: giza la mwezi la Aadi anafunga aliyefiwa na baba, na mwezi mpevu wa Chithirai anafunga aliyefiwa na mama. Mahali pao pakubwa pa kuoga siku ya Aadi ni Keerimalai, kwenye birika la maji baridi kando ya bahari. Lakini mwaka 1990 wakaaji wa eneo hilo walihamishwa na vita, hekalu lililo jirani likapigwa mabomu, na jeshi likabaki huko miaka mingi. Wana waliotaka kuwaogea baba zao Keerimalai waliogea bahari nyingine.

Maji ya bahari nyingine yanakubalika. Shida ngumu zaidi ni tarehe.

Maana mbali na siku ya wote, kila marehemu ana siku yake. Haihesabiwi kwa tarehe ya kizungu. Inahesabiwa kwa mwezi aliofia na kipande cha mwezi angani siku aliyokata roho. Kila mwaka siku hiyo ikirudi, watoto wanampikia. Kwa hiyo ukoo lazima ujue alikufa lini. Na vita haviandiki. Huyu alizama na mashua. Yule alichukuliwa kizuizini asirudi. Wengine walibaki Mullivaikkal, ukanda mwembamba wa pwani ambako vita vilimalizikia, mabomu yakianguka juu ya watu waliobanwa kati ya majeshi na maji. Nani alikuwa akitazama mwezi siku zile?

Wahenga waliotunga kalenda walilifikiria jambo hilo zamani. Giza la mwezi la Purattasi, kati ya mwezi wa tisa na wa kumi, ni siku ya mababu wote, na ndani yake wamo wale ambao siku yao ya kufa haijulikani. Asiye na tarehe anapewa tarehe hiyo. Anayetaka kumlilia mtu wake anaweza kumlilia siku ile pamoja na umati, na hakuna atakayemuuliza ulimzika wapi.

Hata hivyo wako wasioweza kuingia katika mlango huo. Tangu tarehe 20 mwezi wa pili 2017, mama za waliopotea wamekuwa wakikaa kando ya barabara huko Kilinochchi wakishika picha za watoto wao na kuuliza wako wapi. Jamaa nyingi za waliopotea zimekataa karatasi ya kifo. Kumimina maji yenye ufuta ni kusema kwamba amekufa. Ni kutia sahihi kwa mkono wako mwenyewe.

Mama mwenye hali hiyo anaijua kalenda kuliko watu wengi. Katika mwezi wa Aippasi, mara tu mwezi mpya unapoanza kukua, kuna siku sita za kumfungia Murugan, na wazazi wanazifunga kwa ajili ya watoto: wasio nao waombe kupata, wenye nao waombe walindwe. Mama huyo anaweza kuzifunga zote sita, maana mfungo ule ni wa mtoto aliye hai. Ikifika Aadi, jirani anamwuliza kwa upole, "Dada, mwaka huu utamwekea wali?" Naye anajibu, "Bado." Jirani haulizi tena. Kesho yake karatasi inachanwa na siku inapita.

Kuna siku moja ambayo haikutoka kwa watunga kalenda. Kila mwaka, karibu na tarehe 18 mwezi wa tano, Watamili wa kaskazini na mashariki mwa Sri Lanka wanapika uji wa mchele, maji na chumvi, bila tui la nazi, na kuugawa njiani na mbele ya mahekalu. Ndio uji ulioliwa Mullivaikkal wakati hapakuwa na kitu kingine. Hakuna nyota iliyoiamuru siku hiyo. Waliookoka ndio walioiweka, na mtu hahitaji kusema kama wake amekufa au yu hai ili apokee kikombe. Hata mama anayejibu "bado" anaweza kunywa uji huo.

Jamaa nyingi za Kivu na Ituri zilizokimbia usiku zinalijua jambo hili bila kufundishwa na Mtamili: baba aliyeachwa njiani, mtoto aliyepotea kwenye msongamano, siku ambayo hakuna aliyeiandika. Watamili hawana dawa ya maumivu hayo. Wana karatasi ndogo ukutani. Kila mwaka inarudisha siku ya kumtaja mtu kwa jina mbele ya watu wengine, na aliye tayari anakwenda. Asiye tayari anaikuta tena mwaka unaofuata.