Matendo Saba, Uchochoro Mmoja



Kujifunza kuchora kwa kunakili si jambo geni kwetu. Wanafunzi wa Edward Saidi Tingatinga, Dar es Salaam, walianza kwa kurudia michoro ya mwalimu wao. Mimi nilitaka kuchora mtaa ulio karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma, nikamchagua mwalimu aliyefariki mwaka 1610: Caravaggio wa Italia.

Nilinakili picha yake ya Matendo Saba ya Huruma, aliyoimaliza mwaka 1607 kwa ajili ya kanisa la Pio Monte della Misericordia mjini Napoli. Katekisimu hutupa matendo hayo kwa orodha. Sita yanatoka Mathayo 25. La saba, kuzika wafu, linakumbusha kitabu cha Tobiti. Caravaggio hakuchora orodha. Amewabananisha watu wote katika uchochoro mmoja, usiku. Samsoni anakunywa maji, Mtakatifu Martino anakata joho lake, binti anamnyonyesha baba yake aliye gerezani. Maiti haonekani ila nyayo zake. Juu, Bikira Maria na Mtoto wanawainamia.

Mkono ukifuata mstari polepole, jicho hukaa pale ambapo lingepita haraka. Nyayo zile zilinichukua jioni mbili.

Kisha nikaenda Majengo na penseli. Nilichora bajaji, madumu ya maji, wapiga debe, na mzee anayelala kwenye baraza la duka. Mama mmoja muuza mchicha alisogea kutazama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Frateri. Mbona huyu mzee umemchora mkubwa kuliko mwenye duka?”

“Ndiye aliye karibu nasi zaidi, mama.”

Alinyamaza kidogo. “Na tunampita kila siku,” akasema. Akarudi kwenye meza yake, akamtuma mwanawe kwa yule mzee na chai na andazi.

Picha yangu bado ina nafasi mbili tupu: ya mfungwa na ya marehemu. Hao huwapati sokoni kwa kukaa na penseli, lazima uwafuate. Kwa hiyo rangi zinasubiri. Jumamosi hii tunakwenda gereza la Isanga, na kiti kimoja katika gari bado kiko wazi.