Naivasha: Saa ya samaki ndiyo saa ya kiboko

Anayetaka kumwona samaki akipasua maji kumeza chambo kinachoelea, Ziwa Naivasha humpa nafasi mbili bora kwa siku: alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya milima ya Nyandarua, na jioni, mwanga unapoanza kufifia. Shida ni kwamba nyakati hizo hizo ndizo za kiboko. Alfajiri anarudi majini kutoka malishoni, jioni anatoka kwenda kula. Familia inayofunga safari ya kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, watoto wamebeba fimbo za kuvulia, inafaa ipige hesabu hiyo kabla ya kukodi boti.

Samaki mwenyewe ni mgeni. Anaitwa basi mdomo-mkubwa, jina ambalo kwa matamshi yetu limegongana na gari la abiria, na watoto hawachoki kulifanyia mzaha. Kwao ni mashariki mwa Amerika Kaskazini, kuanzia kwenye Maziwa Makuu ya huko hadi Florida. Aliletwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya mchezo wa kuvua. Mwaka 1970 akaletwa kamba mwekundu wa maji baridi, mwenye asili ya Louisiana, na basi akamfanya kitoweo. Mmarekani anamla Mmarekani mwenzake katika ziwa la Kenya.

Kumvua kwa chambo cha manyoya ni kazi tofauti na ile ya ndoana na nyungunyungu ambayo wengi wetu tuliijua utotoni. Chambo hiki ni chepesi mno, hakirushiki peke yake. Kinachorushwa ni mshipi, ambao umetengenezwa mnene na mzito kiasi. Mvuvi huupeleka nyuma, akangoja unyooke, kisha huusukuma mbele, na chambo hufuata. Anayetumia nguvu nyingi hujifunga mwenyewe. Ndiyo maana mara nyingi mtoto wa miaka kumi na miwili hujifunza haraka kuliko baba yake mwenye mabega mapana.

Cha basi huundwa kwa kizibo au sponji ngumu, mbele kimebonyezwa kama kikombe, nyuma kina mkia wa manyoya. Kikivutwa kidogo hutoa mlio mfupi majini, kama chura aliyeteleza. Baada ya hapo, usifanye lolote. Ngoja mawimbi madogo yaliyokizunguka yaishe kabisa ndipo ukivute tena. Hapa ndipo mchezo ulipo, na hapa ndipo watoto waliozoea simu huteseka dakika ishirini za kwanza. Halafu kitu hubadilika. Wanaanza kumwona furukombe juu ya mti, wanauliza kwa nini mnandi anakausha mabawa, wanashusha sauti bila kuambiwa. Samaki anaponyakua chambo, maji hulipuka, na kila aliye kwenye boti hupiga kelele.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba haya ni mazoezi ya mwili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kwa siku za shughuli zinazowapandisha pumzi. Kurusha mshipi hakujazi hesabu hiyo. Kuzunguka Hell's Gate kwa baiskeli, jirani tu na ziwa, kunaijaza. Uvuvi unapumzisha macho na akili, na hiyo inatosha kuwa sababu ya kwenda.

Turudi kwa kiboko. Basi hupenda kujificha: kando ya mafunjo, chini ya magugu maji, na kwenye migunga iliyokufa imesimama baada ya maji ya ziwa kupanda sana mwaka 2020. Kiboko naye hupenda ukingo huo huo. Mara nyingi hatari huja pale boti inapomzibia njia ya kwenda kwenye kina, au mtu anaposimama nchi kavu kati yake na maji. Ana uzito wa zaidi ya tani moja na anaweza kukaa chini ya maji kama dakika tano, hivyo ukimya wa maji si ushahidi wa kitu.

Mazungumzo ndani ya boti huwa yanafanana.

“Baba, yule pale! Ameruka karibu na mafunjo!”

“Nahodha, tusogee kidogo tu.”

“Hapana, mzee. Pale ana mtoto. Tukae huku.”

Baba aliyelipia boti huona ananyimwa haki yake, tena mbele ya wanawe. Lakini hilo ndilo neno ambalo wamelipia. Nahodha anayekubali kila ombi ndiye wa kuogopwa. Mchague yule anayemvisha kila abiria jaketi okozi kabla ya kuwasha injini, anayeondoka gizani limeshatoka kabisa, na anayekubali mkose samaki wa mapema. Jioni, watoto wasiachwe wakivua ukingoni hata kama nyasi za kambi zinaonekana salama. Huko ndiko kiboko anakopandia. Saa tatu asubuhi bado kuna basi kivulini, wachache zaidi, na hao wanatosha.

Hatari nyingine ni ndogo lakini huja mara nyingi zaidi. Ndoana hupita karibu na uso kila mshipi unaporudi nyuma, kwa hiyo kofia na miwani ni lazima kwa wote botini, hata asiyevua. Kibane kwa koleo kile kijino cha ndoana kabla ya kuanza; samaki ataachiliwa bila kuchanika, na kidole cha mtoto vilevile. Ikimchoma mtu jichoni au kwenye kope, usiivute. Kata mshipi, funika jicho bila kulibonyeza, nenda hospitali. Na kwa kuwa ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ubaridi wa asubuhi huficha jua kali. Ngozi huungua huku mtu amevaa sweta.

Basi wengi wanaovuliwa kwa mchezo huu hurudishwa majini, na ni vyema. Kambare na ngege wana wenyewe sokoni. Samaki wa kapu, walioonekana ziwani mwaka 2001, walijaza nyavu za wavuvi ndani ya miaka kumi. Basi hana wingi huo.

Mchana upepo huamka. Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai linalohusu maji yanayochafuka, na hakuna aliyeliongezea chumvi. Kufikia saa saba boti ndogo inafaa iwe imefungwa, watoto wawe wanakula.