Pikipiki ya Babu

Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza mbona muhula wote uliopita vidole vyangu vilikuwa vyeusi mpaka mwalimu wa zamu akanituma mferejini mara mbili. Haikuwa wino. Ilikuwa grisi, na kisa chake ni hiki.

Marehemu babu alikuwa mwalimu. Mwaka wa 1979 alinunua Honda C50, pikipiki ndogo ya injini ya 49 cc. Msiidharau kwa udogo wake! Ukoo wake ulianza Japani mwaka wa 1958, na kufikia 2017 Honda walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni mia moja. Haina mkono wa klachi. Unakanyaga gia kwa mguu tu, nazo ni tatu. Babu alipofariki iliingizwa katika banda la kuku, na kuku wakaifanya kitanda.

Mwaka jana baba aliachishwa kazi. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu akaja, akatoa shilingi elfu tatu. Mama alisema iende. Baba akaizunguka mara mbili, akasema, "Hapana. Nitaifufua na wanangu, tusambazie watu maziwa." Wanawe ni mimi na mdogo wangu wa darasa la sita.

Basi kila Jumamosi tulikuwa uani. Tangi lilikuwa limejaa kutu. Tulitia kokoto ndogo ndogo na mafuta ya taa, tukalitikisa kwa zamu mpaka mabega yakauma, na yaliyotoka yalikuwa kama chai ya rangi. Kabureta tuliifungua, tukazibua matundu yake kwa uzi mmoja wa waya wa breki. Pointi tulizisugua kwa msasa laini. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mtunza nati. Aliziweka katika kopo la Kimbo, na hakuna hata moja iliyopotea.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika. Jumamosi moja baba aliitwa na jirani. Aliniachia plagi, akaniambia, "Ianze kwa vidole kwanza, spana baadaye." Mimi, eti mtu wa kidato cha tatu anayesoma fizikia, niliona vidole ni kupoteza wakati. Nikaingiza spana. Ilikuwa ngumu, nikaongeza nguvu. Hedi ya injini ile ni ya alumini na plagi ni ya chuma, kwa hiyo mjue nani aliyeshindwa. Nilisikia kitu kikilegea mkononi, moyo ukanipasuka. Niliifuta vumbi nikanyamaza.

Wiki iliyofuata baba alipiga kiki. Injini ikakohoa mara moja, kisha plagi ikachomoka na kuruka hadi kwenye sufuria za mama. Baba akachungulia tundu. Nyuzi zote zilikuwa zimelika.

"Nani alikaza hii?"

Nikasema, "Mimi niliiacha sawa. Huyu ndiye alikuwa anachezea spana." Mdogo wangu alinitazama tu. Hakujitetea. Baba akamwambia asiguse pikipiki tena.

Wiki mbili alikaa kwenye kizingiti cha jikoni akituangalia. Jumamosi ya tatu nilikuta kopo la Kimbo mlangoni mwangu. Ndani, kila nati ilikuwa imefungwa kwa kikaratasi cha daftari chenye picha ya mahali inapoingia. Alikuwa amechora hata zile za mkingamatope. Aisee, siku hiyo chakula hakikupita kooni.

Usiku nilimwambia baba ukweli. Nilingoja kofi. Baba akaendelea kula ugali wake, kisha akasema, "Sasa mbona unaniambia mimi? Aliyekosewa yuko pale."

Nilimwomba msamaha mbele ya mama na wote. Mdogo wangu akauliza swali moja tu: "Na hedi itatengenezwa na nani?"

Nilimuuza jogoo wangu. Fundi wa jua kali alilipanua lile tundu, akaingiza bushi yenye nyuzi mpya. Niliposhika plagi kuirudisha, baba alininyang'anya, akampa mdogo wangu. Aliizungusha kwa vidole, polepole, mpaka ikakaa.

Kiki ya saba ikanguruma. Moshi ulijaa uani, kuku wakatawanyika, mama akatoka akipiga kelele na huku anacheka. Sasa baba anabeba nayo mitungi miwili ya maziwa kila alfajiri. Nami ndiye ninayeiosha jioni, peke yangu. Spana zimefungiwa sandukuni, na ufunguo uko shingoni mwa mdogo wangu. Nikitaka moja, lazima nimweleze ni ya kufungua nini.