Muulize na baba yako

Mitihani imeisha, bumu bado halijatoka, tupo tu bwenini na dagaa zetu. Leo tuongee kuhusu matiti. Wanaume msikimbie, nanyi mmo humu.

Juzi manesi walikuja zahanati ya chuo kupima matiti bure. Nikaenda na rumu meti wangu. Nesi akamuuliza kama kwao kuna aliyewahi kuugua saratani ya titi. Akajibu, "Kwa mama hakuna." Nesi, mama mtu mzima, akatabasamu: "Mwanangu, nimekuuliza kwenu. Kwani baba huna?"

Tulicheka, lakini swali lile ni zito. Wengi wetu tunahesabu mama, bibi mzaa mama na mama wadogo. Shangazi tunamwacha nje. Kumbe BRCA1 na BRCA2, zile jeni ambazo zikiwa na hitilafu zinapandisha hatari ya saratani ya titi, mtu anaweza kuzirithi kwa baba sawasawa na kwa mama. Baba mwenye hitilafu hiyo anaweza asiugue kabisa, ila kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Mwanamke aliyeirithi ana uwezekano wa zaidi ya nusu wa kuugua maishani mwake. Wanaume nao huugua, ni kama 1 katika kila wagonjwa 100.

Jioni nikampigia baba. Shikamoo, mvua vipi, mahindi vipi, kisha nikauliza. Akanyamaza hadi nikadhani salio limekata. Halafu akaniambia kwamba dada yake, ambaye mimi sikumkuta, alifariki 1994 akiwa na miaka 38. Siku zote tumeambiwa alikuwa na jipu. Halikuwa jipu, lilikuwa titi. "Na bibi yako naye alikuwa na uvimbe," akasema, "ila zamani hayo hayakusemwa." Wapo ndugu waliosema amerogwa.

Nina miaka 22 na wadogo zangu wawili wa kike. Habari hizi ni zetu sote watatu. Hazina maana kwamba lazima tuugue. Maana yake ni kwamba nikienda kwa daktari nina cha kumwambia, naye ataamua kama tuanze vipimo mapema kuliko wengine na kwa kipimo kipi. Marekani, tangu 2024, mwanamke wa hatari ya kawaida anashauriwa aanze mamogramu akiwa na miaka 40, kila baada ya miaka miwili. Mwenye historia kama yetu hasubiri ushauri wa watu wote. Na kwa umri wetu matiti bado yamejaa, mamogramu haioni vizuri, mara nyingi wanatumia ultrasaundi.

Na wewe ambaye kwenu hakuna pande zote, usijipige kifua. Saratani za kurithi ni kama 5 hadi 10 tu katika kila 100. Wengi wanaougua hawana ndugu aliyeugua. Kwa hiyo yajue matiti yako yalivyo siku zote. Ukiona uvimbe, ngozi imebonyea au iko kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani au inatoa damu, nenda. Uvimbe mwingi kwa wasichana wa rika letu si saratani, lakini hilo aseme aliyekupima, sio jirani. Kwa takwimu za Marekani, ikigundulika ikiwa bado ndani ya titi, karibu wagonjwa 99 kati ya 100 wanafika miaka mitano. Ikishasambaa mbali, ni kama 3 tu kati ya 10.

Likizo hii mkifika nyumbani ulizeni mambo matatu: nani aliugua, upande gani, akiwa na umri gani. Andikeni kwenye daftari. Na lile neno "jipu" msilikubali haraka.

Ni hayo tu kwa leo. Safari njema wote mnaoondoka Ijumaa!