Nyuzi Alizozitaka Bi Harusi



Mwezi wa Rajabu alikuja bi harusi mmoja dukani kwetu na simu mkononi. Kama maharusi wote wa siku hizi alikuwa na picha zaidi ya arubaini: mikono ya gauni la huyu, shingo ya la yule, mkia wa la mwingine. Picha moja ilikuwa ya koti. Limeungwa kwa vipande vidogo vidogo, na nyuzi zinaning'inia kila mahali, hazikukatwa.

"Nataka nyuzi kama hizi kwenye joho langu," akasema. "Zidondoke hivi hivi."

Sisi ni watatu katika kibanda hiki, cherehani tatu na meza moja ya kukatia. Tukabishana kitambaa. Mmoja akasema lasi kuukuu, mwingine akasema organza iliyochovywa chai. Wa tatu akaikuza picha kwa vidole viwili, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hii si nguo. Ni karatasi. Na ina maandishi."

Bi harusi alipoondoka tukaitafuta ile kazi kwa jina lililokuwa chini ya picha. Imetengenezwa mwaka 2010 na Andi Arnovitz, msanii wa Kiyahudi mzaliwa wa Marekani aliyehamia Jerusalem, mji tunaouita Quds, mwaka 1999. Zile karatasi ni nakala za mikataba ya ndoa ya Kiyahudi, zilizochanwa na kushonwa upya. Na koti ni la wanawake ambao waume zao hawakai nao wala hawawaachi.

Tunajua baadhi yenu mtakunja uso hapa. Habari za Palestina zinatuumiza sote na hatukuja kuwaambia msiumie. Lakini hapa tunamzungumzia mwanamke na sindano yake, na jambo alilolishona tunalijua.

Mkataba huo wanauita ketuba. Huandikwa kwa Kiaramu, ukatiwa saini na mashahidi wawili, na ndani yake mume anajifunga kumlisha na kumvisha mkewe. Pia hutajwa fedha atakazopewa mke akiachwa au akifiwa: kwa asili, zuz 200 kwa mwari na 100 kwa mjane. Sisi tunaojua mahari, hasa ile inayoahirishwa halafu ikasahauliwa, tulielewa bila mkalimani. Tangu zamani ketuba hupambwa kwa rangi na maua, za Italia zikisifika zaidi, na wengi huitundika ukutani kama pambo.

Talaka yao nayo ni ya kuandikwa. Hati yake inaitwa get, ina mistari 12, huandikwa kwa ajili ya mume yule na mke yule tu, na lazima mume aitoe kwa ridhaa yake imfikie mke mkononi. Asipoitoa, mke habanduki. Hawezi kuolewa tena, na akizaa na mwanamume mwingine, mtoto anabeba doa ambalo litamzuia kuoa au kuolewa na Mayahudi wenzake. Mwanamke wa namna hii huitwa aguna. Neno lenyewe lina asili moja na nanga. Watu wa kisiwani hatuhitaji kuelezwa chombo kilichotiwa nanga kinavyokaa: maji yanapita, chenyewe hakiendi.

Sasa tuseme kifundi. Nguo ukikosea unafumua, unapiga pasi, tundu la sindano linajifunga. Karatasi ukishaitoboa imetoboka. Ukiweka mishono karibu karibu inachanika kwenye mstari wa matundu kama karatasi ya risiti. Wa kwetu aliyesoma ushonaji chuoni anakumbuka jinsi mwalimu alivyowagombeza walioshonea juu ya karatasi ya kukatia. Kwa hiyo mtu anayechukua karatasi laini akaishona kipande kwa kipande mpaka likatoka koti zima, huyo amekaa sana na jambo lake. Na zile nyuzi, ambazo fundi yeyote angezikata kabla mteja hajaja, amezibakisha kwa makusudi. Kazi haijaisha. Aguna naye shughuli yake haijaisha.

Kilichotuvuta ni kwamba Arnovitz hajaitupa dini yake. Ni mwanamke anayeishika, na anauliza akiwa ndani ya nyumba, si kutoka barabarani. Ana kazi nyingine ya mwaka 2009, gauni la mke anayetuhumiwa na mumewe. Katika Taurati waliyonayo, kitabu cha Hesabu, mke huyo alipelekwa kwa kuhani, akafunuliwa nywele, akanyweshwa maji yenye vumbi la patakatifu na wino wa laana iliyooshwa humo. Desturi hiyo iliachwa zamani sana. Arnovitz ameshona gauni la karatasi lenye nywele, vumbi na herufi za Kiebrania. Sisi tuliolelewa na kombe, maandishi ya zafarani yanayooshwa tukanywa tupone, tulishtuka kuona maandishi yanayonywewa ili mtu apatikane na hatia. Na kwetu tuhuma ya namna hiyo ina liani: mume anaapa, mke naye anaapa, na kiapo chake kinamwondolea adhabu. Gauni hilo hatukulipenda kulitazama. Koti tulilirudia mara nyingi.

Aliyelirudia zaidi ni mmoja wetu. Hatutamtaja, naye amekubali tuandike. Mumewe alivuka kwenda Maskati, huu mwaka wa nne. Mwanzo alileta fedha, baadaye akaleta salamu, mwisho namba ikawa haipatikani. Hajaachwa, kwa hiyo hana eda. Hajafiwa, kwa hiyo hakuna aliyemjia na pole. Kwenye harusi akinamama humuuliza, "Mumeo hajambo?" naye hujibu hajambo, kwa sababu atajibu nini?

Qur'ani katika Sura ya An-Nisaa inamkataza mume kumwacha mke kama kitu kilichotundikwa. Tumeisoma aya hiyo tangu chuoni kwa maalimu, na hatukuwahi kuifikiria mpaka tulipoona nyuzi zinaning'inia kwenye koti la mtu mwingine.

Tofauti ipo na tuiseme. Mahakama ya marabi Israeli, tangu sheria ya mwaka 1995, inaweza kumnyima mume mkaidi leseni ya gari, kumzuia kusafiri, hata kumfunga jela, lakini hati ni lazima atoe yeye. Kadhi wetu anaweza kuifasikhi ndoa hata mume akiwa hayupo. Mlango tunao. Mwenzetu hakuwa ameubisha miaka minne yote, kwa haya, na kwa kuwa anaishi kwa mama mkwe ambaye anampenda kweli.

Marabi wa Marekani nao wametengeneza mkataba wa kutia saini kabla ya harusi: wawili wakitengana, mume atamlipa mke kiasi cha kila siku, mara nyingi dola 150, mpaka amwachie kisheria. Maharusi, mnatuuliza sana kuhusu shela na hina. Muulizeni na walii wenu kilichoandikwa kwenye cheti, na masharti gani yanafaa kuwekwa kabla hamjaitikia.

Bi harusi wetu aliporudi kujaribu tulimwambia ukweli wa ile picha. Tulidhani atazikataa nyuzi. Alikaa kwenye kigoda, akauliza maswali mengi kuliko aliyouliza kuhusu gauni zima, kisha akasema zibaki, ila kila moja ipigwe fundo ncha yake isifumuke. Zilikuwa nyuzi 260 na zaidi, na bei tulishaipatana. Mwenzetu alizipiga mafundo karibu zote peke yake, siku mbili, hasemi na mtu.

Jumatano iliyofuata aliomba ruhusa ya asubuhi, akaenda Mahakama ya Kadhi. Kesi imetajwa mara mbili, mume hajafika wala hajatuma mtu. Imepangwa tena Mfunguo Mosi. Mama mkwe amesema atakwenda naye.