Paris ya Mjomba, Paris ya Shangazi, na ngazi za dada yangu

Jumapili moja ya Februari tulikaa kikao cha familia nyumbani kwetu Morogoro. Ajenda ilikuwa moja tu: Mama aende Paris au asiende. Dada yangu anaishi huko mwaka wa saba sasa, na Mama hajamwona ana kwa ana tangu msiba wa Baba. Fedha ya nauli ilikuwa inakaribia kutimia, kwa sababu Mama alikuwa amevunja kikoba na kuuza mbuzi wake wanne. Kilichobaki kilikuwa ushauri, na ukoo wetu una watu watatu waliowahi kuukanyaga mji huo. Mmoja wao ni mimi.

Mjomba ndiye aliyeanza. Alikwenda miaka kadhaa iliyopita na wafanyabiashara wenzake kwenye maonyesho, akakaa siku nne.

"Dada, usichome fedha yako," alimwambia Mama. "Ule ni mji wa wezi wenye dharau."

Hadithi yake tunaijua kwa moyo. Chini ya mnara wa Eiffel msichana mmoja alimwomba asaini karatasi ya kuwasaidia viziwi. Mjomba, mtu wa huruma, akasaini. Alipomaliza, pochi haikuwepo. Jioni akaletewa nyama inayotoka damu, na alipoomba irudishwe jikoni mhudumu alimtazama kama vile ametukana. Kahawa aliyokunywa akiwa ameketi kwenye kiti cha nje ilikuwa na bei kubwa kuliko ya jirani yake aliyesimama kaunta. Hilo la kahawa bado linamuuma kuliko la pochi.

Shangazi alisubiri amalize, akakunja kanga yake vizuri. Yeye alikwenda na mahujaji wa parokia waliokuwa njiani kwenda Lourdes, wakapumzika Paris siku mbili. Aliingia Notre-Dame kabla haijaungua ile Aprili ya 2019. Alisali kwenye kanisa dogo la Rue du Bac, akaleta medali ambazo sote tuligawiwa. Alipanda kilima cha Montmartre akauona mji wote umelala chini.

"Wifi, nenda," alisema. "Mimi pale nililia. Hata nikifa sasa hivi, nimeona."

Mama akanigeukia. "Na wewe, mwanangu? Wewe ndiye wa juzi."

Nilisema Paris ni nzuri, ila kuna baridi. Mjomba akacheka, akasema mwandishi mzima wa habari ameleta taarifa ya hali ya hewa.

Ni kweli sikuwa nimesema kitu, na nilikuwa na sababu. Ila kabla sijafika huko niseme kwanza kwamba, kwa jinsi nilivyoona, Mjomba na Shangazi wote hawakudanganya.

Nilikwenda Oktoba iliyopita kwa mafunzo ya wiki moja ya waandishi wa habari za afya. Siku ya pili niliingia duka la dawa kutafuta dawa ya mafua. Maduka hayo yana alama ya msalaba wa kijani unaowaka, huwezi kuyapotea. Nikaenda moja kwa moja kwa mama wa kaunta na Kiingereza changu: samahani, mna dawa ya mafua? Akanitazama. Kimya. Kisha akasema polepole, "Bonjour." Nikarudia swali. Akarudia, "Bonjour, Madame." Nikahisi damu inapanda kichwani, huyu ndiye Mfaransa wa Mjomba.

Halafu nikamkumbuka bibi yangu na duka lake la Mzumbe. Kijana akija pale akasema "nipe chumvi ya mia tano" bila shikamoo, bibi humwangalia hivyo hivyo mpaka ajirekebishe. Kule Paris huulizi bei, huombi njia, huagizi mkate kabla ya kusalimia. Nilisema "Bonjour, Madame", uso wa yule mama ukafunguka, nikapewa dawa na maelezo marefu ya namna ya kuitumia. Tangu siku hiyo nilisalimia kila mlango niliouingia, na mji ukawa mwingine kabisa. Mjomba, nadhani, alipita Paris siku nne bila kumwamkia mtu. Yeye ambaye hapa nyumbani asiposalimiwa anaitisha kikao.

Kwenye mafunzo hayo ndipo nilipokutana na jambo lililonivutia kama mwandishi wa afya. Kuna hali inayoitwa ugonjwa wa Paris. Anayetajwa kuipa jina hilo katika miaka ya 1980 ni Hiroaki Ota, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Japani aliyekuwa akifanya kazi Paris. Alikuwa akipokea Wajapani wenzake waliofika wakiwa wazima, kisha wakapata kizunguzungu, jasho na mapigo ya moyo ya kasi, na baadhi yao wakaanza kuamini kwamba watu wanawaonea. Uchovu wa safari ulichangia, lugha ilichangia, na wapo waliokuwa na matatizo ya akili kabla ya kusafiri. Lakini lilitajwa pia pengo kati ya Paris waliyoibeba kichwani, ya filamu na manukato, na Paris yenye mikojo kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi. Hali hiyo haimo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, na wanaoipata ni wachache sana ukilinganisha na mamilioni wanaotembelea mji ule.

Nilikusudia kuandika habari hiyo nikirudi. Kichwa cha habari nilikuwa nacho tayari. Halafu nikaenda kulala siku mbili kwa dada yangu.

Lazima nieleze kwanza picha tuliyokuwa nayo nyumbani. Dada hututumia video ya mnara wa Eiffel usiku, ule wakati unapometameta kwa dakika tano kila saa ikianza. Huipiga kutoka dirishani kwake. Mama ana video kama hizo zaidi ya ishirini kwenye simu, na hakuna mwanamke wa kikoba chake ambaye hajaonyeshwa. "Mwanangu akifungua dirisha, mnara huu hapa." Kwa hiyo sote tulijua, bila mtu kutuambia, kwamba Dada anaishi pazuri.

Jengo lenyewe ni zuri kweli kwa nje, la mawe meupe na vibaraza vya chuma. Ndani kuna lifti na ngazi zenye zulia. Dada akazipita, akafungua mlango mwembamba wa nyuma karibu na mapipa ya taka. Majengo mengi ya aina hiyo yalijengwa karne ya 19 yakiwa na ngazi mbili: za wenye nyumba na za watumishi. Watumishi walilala juu kabisa, chini ya paa. Vyumba vyao sasa hupangishwa kwa wanafunzi na watu kama dada yangu, lakini lifti haikuongezwa upande ule. Nilihesabu ngazi 114 mpaka ghorofa ya sita. Zinazunguka kama konokono, na za juu ni nyembamba kiasi kwamba begi langu lilipita kwa ubavu.

Chumba kina mita za mraba 11. Si kinyume cha sheria. Sheria ya Ufaransa inataka angalau 9. Kuna kitanda, sinki, jiko la plagi mbili, na bomba la kuogea ndani ya kitu kama kabati. Choo kiko kwenye korido na kinatumiwa na vyumba vitano. Paris nayo imeezekwa bati, msomaji, bati la kijivu la zinki, na dari ya Dada inashuka na paa hilo mpaka huwezi kusimama upande wa kitanda.

Nikauliza mnara uko wapi. Akacheka, akavuta stuli, akasema panda. Nilipanda, nikasukuma kidirisha cha kwenye paa, nikatoa kichwa nje mpaka mabegani kama kobe. Kwa mbali, kati ya mabomba ya moshi, nikaona ncha. Tukasubiri saa ianze. Ulipoanza kumetameta alinishika miguu nisianguke, na sote tukawa tunacheka, na nakiri ulikuwa mzuri kuliko nilivyouona kwa karibu mchana.

Usiku tulilala mzungu wa nne. Ndipo aliponiambia. Yeye huhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu ya mchana au ya usiku. Kazi ni halali, karatasi zake ni safi, na fedha anayotuma nyumbani ni ya jasho lake. Hajutii kuondoka. Jumamosi hushuka Château Rouge kwa akina mama wa Kikongo, hununua kisamvu na samaki, na kuna mmoja wa Bukavu ambaye hupiga naye Kiswahili mpaka soko linafungwa. "Kuna siku naupenda mji huu mpaka naogopa," alisema. "Na kuna siku nikifika ngazi ya sitini nakaa chini nalia, halafu nainuka namalizia."

Kilichomnyima usingizi kilikuwa ujio wa Mama. Anayekwenda Ufaransa kukaa kwa ndugu anatakiwa kuwa na hati ya mwenyeji, inayotolewa na ofisi ya meya wa mahali mwenyeji anapoishi. Ofisi hiyo huangalia kama makazi yanatosha kumpokea mgeni. Dada alikuwa hajaomba. Aliogopa wangeuliza Mama atalala wapi, na aliogopa zaidi kwamba hata wakikubali, Mama angefika na kuona. Kwa hiyo kila akiulizwa alijibu, "Bado nafuatilia karatasi, Mama." Akaniapisha nisiseme.

Ile habari ya ugonjwa wa Paris sikuiandika. Kila nikikaa kuiandika namwona mtu amesimama juu ya stuli anapiga video.

Sasa turudi kwenye kikao. Watu walipoondoka nilibaki naosha vikombe. Mama akaja akasimama mlangoni. "Niambie kweli," alisema. "Mwenzio hanitaki?"

Nikamwambia si hivyo. "Basi mbona karatasi mwaka mzima? Mtoto wa jirani alimchukua mama yake Dubai kwa wiki mbili tu." Sikujibu. Aliniangalia kidogo, akaenda kulala saa mbili usiku, yeye ambaye hukosi kumkuta macho saa tano.

Nilitoka uani nikampigia Dada. Nilimwambia sijavunja kiapo, ila Mama anaamini hatakiwi. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Kesho saa kumi na mbili jioni mkalishe Mama kwenye mwanga."

Kesho yake alipiga kwa video akiwa chini, kwenye mapipa ya taka. "Shikamoo, Mama. Leo nakuonyesha ninapoishi." Akaanza kupanda huku amegeuza kamera. Mama alidhani ni mchezo, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika hamsini sauti ilishuka. Dada alikuwa anahema. Kwenye themanini Mama akasema, "Pumzika, mwanangu," naye akajibu, "Hatupumzikii hapa, Mama, taa inazimika." Na kweli ikazimika, tukabaki tunasikia viatu tu. Akaonyesha korido, akaonyesha choo, akafungua chumba. Hakuacha kitu, mpaka sinki lenye vyombo vya asubuhi.

Mama alikaa kimya, kisha akauliza, "Hapo kwenye dari huwa unajigonga?"

"Zamani. Sasa nimezoea."

"Na joto?"

Swali hilo lilinishangaza, maana ndilo ningeuliza mimi. Agosti 2003 joto kali liliua watu wapatao 15,000 Ufaransa, wengi wao wazee, na kulala chumba cha chini ya paa kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari. Mama hakujua hayo. Anajua bati.

Waliongea saa nzima. Mwishoni Mama alianza kutania: "Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Nitakuja, nitakaa hapo kwenye mapipa, wewe utashuka." Dada akacheka kwa kilio.

Mpaka naandika haya, kwa ruhusa ya wote wawili, uamuzi haujafungwa. Kuna mwenzake Dada wa kazini mwenye chumba cha ghorofa ya kwanza anayesafiri mwezi Mei. Akikubali, Mama atalala hapo wiki tatu, na mwenye chumba ndiye atakayeomba hati. Nimemweleza Mama kwamba viza inataka bima ya safari ya angalau euro 30,000, na kwamba bima nyingi haziguswi na ugonjwa uliokuwepo kabla, kwa hiyo vidonge vyake vya presha abebe vya kutosha pamoja na cheti cha daktari. Nimemweleza pia kwamba vituo vingi vya treni za chini ya ardhi vina ngazi tupu, lakini mabasi yameshushwa sakafu na mtu wa magoti anapanda bila shida.

Mjomba ameleta mkoba wa kuvaa kiunoni ndani ya nguo. Shangazi ametoa orodha ya makanisa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amemfundisha Mama kukaa kwenye kiti, kunyoosha mguu mmoja, kuushikilia hewani na kuushusha, ili misuli ya paja ipunguzie goti kazi. Hufanya kila asubuhi barazani akisubiri chai. Juzi nilimkuta amefika kumi na tano kila mguu, akaniuliza kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni kwa Dada ni hatua ngapi.