Jinsi Tulivyolainisha Bomba la Inoksi

Wengi mmeniuliza kwa nini watoto wa mwaka wa tano walikuwa kwa fundi baiskeli siku ya Jumamosi badala ya kwenda kuteka maji. Sasa nawajibu wote pamoja.

Tuna mwanafunzi mmoja, binti wa miaka 12, anatembea kwa mikongojo. Chooni hana pa kujishika. Basi akija shule hanywi maji tangu asubuhi, na siku zingine haji kabisa. Tukapata mabomba mawili ya inoksi, ambayo hapa Tanzania wanaita stenlesi, kutoka kwenye toroli lililokufa. Tulitaka kuyakunja yawe mishikio ya ukutani. Kijana mmoja akajaribu kipande kidogo kwa nguvu za mikono, kikapasuka pale pale kwenye kona.

Bomba la namna hii linavutwa kiwandani likiwa baridi, na huko kuvutwa ndiko kunalifanya gumu. Ni kama waya: ukunje na kuukunjua mara nyingi, unakuwa mgumu halafu unakatika. Dawa yake ni moto.

Lakini hapo ubishi ukaanza. Vijana wakasema, "Papa, ukichovya chuma cha moto ndani ya maji si kitazidi ugumu?" Kweli, patasi na visu ndivyo vinavyofanywa. Papa fundi akacheka, akasema inoksi ya bomba ina tabia yake. Yeye anaipasha mpaka rangi ya chungwa inayong'aa. Vitabu vinaandika nyuzi 1,010 mpaka 1,120 za Selsiasi. Halafu anaichovya haraka, nayo inatoka laini. Ukiiacha ipoe polepole inakaa muda mrefu kati ya nyuzi 850 na 425, na hapo kaboni inashikana na kromi, ile inayozuia kutu. Mwisho wake inoksi yako inaota kutu kama msumari.

Watoto walipenda sana sumaku. Kabla ya moto ilikuwa inashika bomba kidogo tu, kwa uvivu. Baada ya moto na maji, sehemu ile ile sumaku ikateleza ikaanguka. Kama sumaku inang'ang'ania kwa nguvu, hiyo ni aina nyingine, achaneni nayo.

Tulipasha ile sehemu ya kona peke yake, kwenye kivuli ili rangi ionekane vizuri, vijana wawili wakibadilishana mvukuto. Kwingine kote tuliacha kugumu, maana mshikio lazima ubebe mtu. Bomba lilipopoa tukajaza mchanga mkavu ili lisibonyee, tukaziba kwa vijiti, tukalizungusha taratibu kwenye gogo la mviringo. Likakubali! Ila linavyokunjwa linarudia ugumu wake, kwa hiyo ukikosea kona usilazimishe. Rudi motoni.

Mambo mawili kwa usalama wa watoto, nawaomba sana. Bomba likichovywa, mvuke na maji ya moto vinaruka kupitia mdomo wa juu, basi uso usiwe pale. Na yale mabomba ya kijivu ya maji, yaliyopakwa zinki, msiyaweke motoni. Moshi wake unaleta homa na kubana kifua.

Mshikio wa kwanza umeshafungwa. Binti alienda peke yake, mlango akaufunga kwa ndani, na wenzake waliokuwa wakimsindikiza wakabaki nje hawajui wafanye nini. Wiki hiyo hakukosa hata siku moja.

Bomba la pili bado, kwa sababu makaa yameisha. Tutalikunja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa mbili asubuhi, pale pale kwa Papa fundi. Familia yenye makaa kidogo ya kutuchangia, hata kopo moja, impe mtoto alete darasani.